Sadaka Inayozaa

Gari moshi lilinitoa Tabora hadi Morogoro, na kutoka hapo nikaacha kuwa abiria, nikawa mzigo. Nilipanda lori la magunia ya chumvi pamoja na wanaume waliojiandikisha kukata mkonge, kila mmoja akiitwa kwa namba yake. Mimi sikuwa na namba. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la kumi, na mtu mmoja alikuwa ameniahidi kazi ya ukarani katika shamba moja karibu na Muheza, kwa hiyo nilijiona si mwenzao, ingawa vumbi lilitupaka sote rangi moja. Katika pori la Handeni lori lilivunjika ekseli. Tulilala pale tukingoja chuma kutoka Morogoro, tukinywa maji ya madimbwi ya barabarani, na tulipofika Korogwe nilikuwa natetemeka kwa homa. Wenzangu wenye namba walipokelewa, wakapewa blanketi na unga. Mimi nilinunua tikiti ya Muheza kwa senti zilizobaki.

Kazi ilikuwa imeshapata mtu, mpwa wa mnyapara. Niliambiwa hivyo mlangoni, nikiwa nimesimama na sanduku langu la bati, nikarudi stesheni kwa sababu sikujua mahali pengine pa kurudi. Nililala kwenye benchi.

Pale stesheni alikuwepo bibi mmoja akiuza uji na muhogo wa kukaanga. Alikuwa Mbondei, mjane, mfupi, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Aliniuliza nimetoka wapi. Nilipomwambia, akacheka peke yake kwa muda, kisha akawaambia abiria waliokuwa wakinunua kwake kwamba Wanyamwezi walikuja pwani zamani kubeba mizigo ya watu, na huyu wa leo kaja mwenyewe kawa mzigo. Marehemu mumewe alikuwa Mnyamwezi, aliyekuja kukata mkonge akafia humo humo kwenye mkonge. Alinipa uji bila kunidai. Jioni akaniamuru nibebe benchi lake na masufuria nimfuate nyumbani.

“Twende, mume wangu,” alisema. “Yule wa kwanza naye nilimwokota akiwa na homa.”

Tangu siku hiyo mimi nikawa mumewe, kama bibi wa huku wanavyowaita wajukuu zao, na yeye akawa bibi yangu. Nimeishi katika miji mingi baadaye, Lindi, Mwanza, Mombasa, na hakuna hata mmoja ambamo mtu alinipa jina la undugu siku ya kwanza.

Kibanda chake kilikuwa nje ya mji, katika ardhi ya tajiri mmoja wa asili ya Oman, mwenye duka kubwa la jumla Muheza na nyumba nyingine Tanga mjini. Kaya chache za masikini zilikuwa zimejenga humo kwa ruhusa yake, wengi wao wajane na wazee walioachwa na mashamba ya mkonge baada ya nguvu kuwaishia. Nilipopata nafuu nilimwuliza Bibi kwa nini eneo lote lile ni muhogo na kunde tu, na udongo wenyewe mzuri vile. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini samaki hana miguu. Akanieleza kwamba ardhi ni ya mwenyewe, lakini mti ni wa aliyeupanda, hata ukisimama katikati ya shamba la mwingine. Muhogo unang'olewa, mambo yakaisha. Lakini ukimruhusu mtu apande mnazi au mchungwa, umemruhusu asiondoke. Ndiyo maana hakuna mwenye ardhi anayekubali. Nililisikia hilo kama mtu anavyosikia desturi za watu, nikaliweka kando.

Kila Ijumaa baada ya sala yule tajiri alikaa kwenye baraza la duka lake akiwagawia masikini kopo la mchele. Foleni ilianza mapema. Wa kwanza kila mara alikuwa mzee mmoja kipofu, aliyekuja akigusa kuta kwa fimbo, na watu wote walimwachia nafasi hiyo. Bibi alinipeleka kwenye foleni nikiwa bado dhaifu, maana mdomo ulioongezeka ulistahili kopo lake. Sikujivunia, lakini nilikula. Pale ndipo tajiri aliponiona. Nilikuwa nikimsomea mama mmoja maandishi yaliyokuwa kwenye mkebe wa dawa, naye akaniita, akaniuliza maswali mawili matatu ya hesabu na Kiingereza, na wiki iliyofuata nikawa karani wa duka lake.

Alikuwa mtu mzuri kufanya naye kazi. Lazima niliseme hilo, kwa sababu bila hilo mengine yote hayana maana. Hakupaza sauti. Alinunua kahawa kwa ajili yetu sote na kunywa ile ile aliyotununulia. Alinifundisha biashara kana kwamba mimi ni mwanawe: usinunue kitu kwa sababu ni rahisi, nunua kwa sababu kitatoka, bidhaa inayolala rafuni inakula kodi, shilingi ni mtumwa wako, usimruhusu akae bure. Mimi, niliyekuwa nimelala kwenye benchi la stesheni, nilimpenda.

Mwaka aliporudi kutoka Makka alikuwa amebadilika kidogo. Ijumaa ya kwanza pale barazani alikaa akitazama foleni. Walipokwisha kuondoka alianza kuniambia mawazo yake, polepole, akizungusha tasbihi. Kwa miaka mingi amegawa mchele, alisema, na watu ni wale wale, njaa ni ile ile. Angekuwa anaendesha duka namna hiyo angekuwa amefilisika.

“Nikinunua bidhaa najiuliza itanizalia nini,” alisema. “Kwa nini nikimpa Mungu nisijiulize? Wali huliwa ukaisha. Nataka sadaka inayozaa.”

Nilihisi kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Nilikuwa kijana, nimesoma kiasi, na hakuna kinachomlewesha kijana aliyesoma kiasi kama wazo linalofanana na hesabu. Tulilizungumza miezi kadhaa. Tajiri akatafuta miche ya michungwa iliyobebeshwa, ile inayozaa mapema, kutoka kwa mtu aliyekuwa na kitalu njia ya Amani. Kila kaya itakayofaa itapata safu ya miche karibu na nyumba yake. Watapalilia, watamwagilia, na machungwa yakianza watauza wenyewe. Hakuna tena kopo la Ijumaa. Akanipa mimi kazi ya kuzunguka na kuchagua nani anafaa.

Kufaa kulikuwa na masharti. Mwenye nguvu za kuchota maji, au mwenye mtoto wa kumsaidia. Mwenye nyumba isiyo penye maji yanayotuama, maana mchungwa hauyapendi. Asiye mlevi. Yule mzee kipofu hakuwa na hata moja la hayo, isipokuwa la mwisho. Nilimtaja hata hivyo. Tajiri akaniuliza kwa upole nimpe mche aufanyie nini, akaongeza kwamba huruma ni ya moyo lakini sadaka ni ya akili, na anayepanda penye mwamba hamsaidii mwamba wala mbegu. Nikalikata jina lake. Ijumaa mbili tatu zilizofuata mzee yule alikuja bado, akakaa kwenye ngazi za duka akiwa ameshika kopo lake, akisikiliza. Kisha akahamia stesheni.

Bibi ndiye aliyekuwa mgumu kushawishika. Nilimwelezea mpango mzima huku akimenya muhogo, nikamwambia kuhusu mtaji na faida, na jinsi mti mmoja unavyoweza kumlisha mtu miaka mingi kuliko magunia ya mchele. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Sadaka ya kungojewa miaka,” alisema, “hiyo si sadaka, mume wangu. Hiyo ni posa. Na mahari yake sijui ni nini.”

Lakini aliposikia ni miti, miti ya kudumu, aliacha kumenya. Aliniuliza mara ya pili kama nina hakika. Nilimwona akitazama nje, kwenye uwanja wake ambao kwa miaka yote hakuthubutu kutia chochote kisichong'oka, na nikaelewa kwamba yeye na wenzake walikuwa wamesikia jambo kubwa kuliko machungwa. Walikuwa wamesikia kwamba hawataondolewa. Jioni ile alizunguka nyumba kwa nyumba na sauti yake kubwa, na hakukuwa na kaya iliyokataa.

Tulipanda mvua za masika zilipoanza. Nilikuwa nimepima mistari kwa kamba, nikachomeka vijiti, wenyewe wakachimba mashimo na kuyajaza samadi. Asubuhi ya kupanda tajiri alikuja kwa motokaa yake, amevaa kanzu nyeupe na joho. Alisoma dua, tukaitikia amina, Waislamu na Wakristo. Kisha akasema kwamba, kwa kuwa miche hii ni sadaka yake kwa Mungu, angependa kuitia ardhini kwa mkono wake mwenyewe. Alivua joho akanipa mimi nishike.

Palitulia kidogo. Ninakumbuka utulivu ule vizuri, ingawa wakati ule nilidhani ni wa heshima. Bibi alimnong'oneza jirani yake, mwanamke mwenzake aliyefiwa: “Mbona anapanda yeye?” Jirani akamfinya. Nani angemwambia haji aliyetoka Makka juzi kwamba mkono wake hautakiwi? Tajiri mzima amepiga magoti kwenye tope la masikini, kanzu imelowa. Walimshikia miche kama wanavyomshikia mtu maji ya kutawadha. Alikwenda shimo kwa shimo, nyumba kwa nyumba, na kila mche aliusemea bismillahi, akaufukia kwa viganja vyake. Wanawake wengine walilia. Nilisimama na joho lake mkononi nikawaza kwamba nimeona kitu ambacho nitawasimulia wajukuu.

Alipokwisha kuondoka, jua likiwa bado juu, nilimkuta Bibi anafukua mche mmoja katika safu yake. Nilimgombeza. Nilimwambia ameharibu mstari wangu, kwamba nafasi kati ya mti na mti ina sababu zake. Akasema mche ule uko mbali na jiko, hana mgongo wa kubeba maji hadi kule, anataka uwe pale anapomwaga maji ya kuoshea vyombo. Akautia nyuma ya jiko kwa mikono yake, akaukanyagia udongo kwa kisigino. Mstari ulibaki na pengo, na pengo lile liliniudhi kila nilipolipita.

Miaka iliyofuata ndiyo mizuri kuliko yote niliyowahi kuishi. Nilijenga chumba kando ya kibanda cha Bibi. Vuli moja ilikataa kabisa, na watu wale walichota maji mtoni asubuhi na jioni, wazee wenye migongo iliyokwisha kwenye mkonge, wakinywesha michungwa kabla ya kunywa wenyewe. Hakuna aliyelala njaa bila kulalamika, tajiri naye hakurudisha kopo, lakini hakuna aliyeacha mche ufe. Jioni tulikula bada, ule ugali wa muhogo, na papa mkavu, Bibi akinitania kwamba Mnyamwezi akiona mti anatafuta mzigo uko wapi. Aliniambia mchungwa mmoja katika safu yake ni wangu. Mtu anayezurura kama wewe, alisema, lazima awe na mti mahali, ajue anakorudi.

Michungwa ikazaa. Msimu wa kwanza ilikuwa ya kuonjana tu, lakini wa pili malori ya wachuuzi yalifika mlangoni. Bibi alinunua bati za kuezekea upande mmoja wa nyumba, ule wa kitanda, akasema upande wa pili utasubiri machungwa ya mwakani. Jirani yake alimrudisha mwanawe shule. Tajiri alikuja kutembea kati ya miti, akigusa majani, uso wake ukiwaka, na nilipomwambia sadaka imezaa alinishika bega.

Msimu wa tatu alikuja na wageni kutoka Tanga, wazee wenye heshima zao. Walitembea kati ya safu, wakazungumza kwa Kiarabu. Jioni ile dukani aliniambia. Miti yote ameiweka wakfu. Mapato yake, kuanzia msimu huu, yatajenga na kuendesha chuo cha Kurani cha watoto Tanga mjini. Wachuuzi wataelekezwa kwake.

Nilidhani sikusikia vizuri. Niliuliza, na wao je? Alinijibu kwa subira, kama alivyokuwa akinifundisha bei ya jumla. Hawaondolewi, waendelee kukaa na muhogo wao. Wamekula misimu miwili, alhamdulillahi. Lakini mtaji hauachwi ulale mahali ulipozaa mara ya kwanza. Unahamishwa pale utakapozaa zaidi. Hapa unalisha wazee wachache ambao kesho hawapo. Kule utasomesha watoto wa mji mzima. Mimi kijana niliyesoma, alisema, ndiye wa kwanza angetarajia aelewe.

Na jambo baya ni kwamba nilielewa. Kila hatua ya hesabu ile nilikuwa nimeijua tangu zamani, aliyenifundisha ni yeye, na nilikuwa nimeitumia mwenyewe kwa yule kipofu.

Nilipowapelekea habari, watu hawakuamini, kisha wakakataa. Wachuuzi wa tajiri walipokuja walikuta wazee wamekaa kila mmoja chini ya mchungwa wake na panga la kupalilia magotini. Hakuna aliyemtishia mtu. Walikaa tu. Ndipo shauri likapelekwa kwa jumbe, Mbondei mpole aliyesikiliza mambo ya mipaka na mahari ofisini kwake Muheza. Bibi alikwenda akiwa na furaha kabisa. Sheria ilikuwa upande wao, alisema njiani, na kila mtoto wa huku anaijua: mti ni wa aliyeupanda, na nani amepalilia, nani amebeba maji? Aliniambia nivae shati safi kwa sababu mimi ndiye shahidi.

Lakini aliyeniita shahidi alikuwa tajiri. Hakusema mengi. Alisema kijana huyu alikuwepo siku ya kupanda, ni mkweli, na wote wawili, mlalamikaji na mlalamikiwa, wanamwamini. Jumbe akaniuliza swali moja.

“Mkono wa nani ulitia miche shimoni?”

Niliwatazama wale wazee kwenye mkeka. Niliona swali likiwafikia mmoja baada ya mwingine, kama ubaridi unavyopanda. Jirani yake Bibi alijifunika uso kwa kanga. Walikuwa wanalijua jibu kuliko mimi.

“Wake,” nilisema. Nikaanza kueleza kwamba ilikuwa ni baraka, kwamba mashimo walichimba wao, kwamba alisema ni sadaka. Jumbe akainua mkono, si kwa ukali. Kupalilia ni kibarua, alisema, na kibarua kinalipwa, na machungwa ya misimu miwili ni malipo. Mti una baba mmoja.

Ndipo nikakumbuka pengo katika mstari wangu. Nilisema kuna mmoja, nyuma ya jiko la Bibi, ambao aliufukua akaupanda tena, na mimi niliona. Jumbe akamgeukia tajiri. Tajiri alifikiri kidogo, akainamisha kichwa. Huo ni wake, alisema. Hakuwa mtu wa kudhulumu.

Nilimfuata nje, kwenye motokaa. Nilitaka aniambie kwamba lile wazo la wakfu lilimjia juzi, kwamba asubuhi ile ya tope alikuwa amepiga magoti kwa ajili ya Mungu na masikini, na si kitu kingine. Ningeamini. Nilimwuliza kama siku ile alijua anachofanya.

Aliniangalia kwa huzuni ya kweli.

“Kijana,” alisema, “mimi nimezaliwa pwani.”

Kisha akaniambia wakfu utahitaji msimamizi, mtu mwaminifu anayewajua wakazi, na mshahara ni mzuri kuliko wa duka. Nilimrudishia funguo za duka kwenye kiganja chake. Kilikuwa kiganja laini, kisafi, na nilikuwa nimekipenda.

Sikukaa sana baada ya hapo. Sikuweza kupita kwenye mistari niliyoipima kwa kamba nikaona vibarua wa mshahara wakichuma. Wazee walirudia muhogo. Hawakunilaumu, na jirani yake Bibi aliendelea kunisalimu kama kawaida, lakini nilipowakuta wakizungumza walibadili mazungumzo. Bibi peke yake hakubadilika. Upande mmoja wa nyumba yake ulibaki bati, upande wa pili makuti.

Asubuhi niliyoondoka alichuma machungwa ya nyuma ya jiko, akayatia kikapuni, akanisindikiza stesheni, akinikataza nisibebe benchi lake kwa sababu leo si zamu yangu. Nilikuwa nakwenda Mombasa, au popote gari litakaponifikisha. Yule mzee kipofu alikuwa amekaa ukutani, mahali pake. Bibi alimwekea machungwa mawili mapajani, akampita bila kumwuliza atayafanyia nini, akafungua biashara yake.

Gari lilipopiga honi nilimshika miguu nikampa shikamoo ya mwisho. Aliniinua, akanipa machungwa yaliyobaki, akaniambia ule mti ni wetu wawili sasa, mimi na yeye, maana ule wa kwanza alionipa umekwenda kusoma Tanga. Alicheka, na abiria wakageuka kumtazama. Nilikuwa nimekwisha kuingia ndani na kukaa dirishani alipokuja karibu, akashusha ile sauti yake kubwa hadi nikalazimika kuinama.

“Mume wangu,” alisema, “huko uendako usimwambie mtu una mti Muheza. Watakuuliza nani aliupanda.”